Markham Kaptula, Ziwani Koti

Wiki niliyostaafu, meneja wetu aliniomba niandike kurasa mbili za Kiingereza kuhusu mambo niliyojifunza kazini, ziwekwe kwenye mtandao wa ofisi, chini ya tangazo la mabadiliko ya maegesho. Nikamwandikia. Nilisema ushirikiano ni muhimu na kwamba kila siku ni fursa mpya. Alifurahi sana. Kurasa hizi ni nyingine. Nimeziandika kwa Kiswahili kwa ajili yako, Achieng, uliyerithi kiti changu, na kwa wale wenzako wawili mnaopiga nao gumzo kwenye chumba cha chai, na zaidi ya yote kwa sababu meneja hawezi kuzisoma.

Sitazungumzia vyeo. Nilivyopata vilikuwa vya aina ile ya kubadilishiwa jina la kazi na kuachiwa kiti kilekile. Nitazungumzia ziwa, maana katika miaka yote niliyotabiri hali ya hewa ya Toronto, Ziwa Ontario ndilo bosi pekee aliyewahi kunisahihisha akiwa na hoja.

Nilizaliwa Tanga, nikasoma fizikia Dar es Salaam, kwa hiyo nilifika huku nikijiona mtu anayeyajua maji. Bahari ya kwetu ni jirani mwema: mchana inakupepea, usiku inakutunzia joto, haikudai chochote. Nilidhani maji yote duniani yamelelewa hivyo. Miaka yangu ya mwanzo sikupata nafasi ya kujua vinginevyo, kwa sababu nilikuwa ninapanga mizigo kwenye ghala moja la Malton, karibu na uwanja wa ndege, nikisubiri shahada yangu ihakikiwe. Waliokuwa wakiihakiki hawakuwa na haraka. Labda walitaka kwanza kuona kama fizikia itabadilika. Mwishowe nilirudi darasani, nikasoma upya mambo niliyokuwa ninayajua, na nikaajiriwa na kampuni ndogo ya utabiri wa hali ya hewa. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na ghala lilelile. Safari yangu ya kimaisha ilikuwa ya kuvuka kwenye taa za waenda kwa miguu.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa mwezi wa nne. Redio ilitangaza nyuzi ishirini na mbili. Kwa mtu aliyekaa miezi yote ile akiwa amejifunga kama kifurushi, hiyo haikuwa taarifa, ilikuwa msamaha wa rais. Nilivaa blauzi ya mikono mifupi na viatu vya wazi, nikapanda basi nikitoka jasho kwa furaha. Ofisini nilikabidhiwa kwa mtabiri mkuu, mama mfupi wa makamo aitwaye Doreen, ambaye kwao ni kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Newfoundland, huko Atlantiki. Alinitazama kuanzia kichwani hadi vidoleni, hasa vidoleni. Kisha akachukua koti lake la baridi kwenye kiti.

"Twende tukaangalie kipimajoto cha gatini," akasema.

Nilimwonea huruma. Nilidhani ni mgonjwa, koti lile kwa jua lile. Tulishuka kusini kwa gari lake madirisha yakiwa wazi, watu kando ya barabara wamevaa kaptula, wengine wamelala kwenye majani kama waliopigwa risasi. Tulipokaribia maji Doreen alipandisha vioo bila kueleza. Tulipoegesha, nilifungua mlango, nikahisi kama kuna mtu amefungua jokofu upande wa pili. Meno yangu yaligongana kabla sijafika kwenye kipimajoto. Kilisoma nyuzi sita.

"Kimeharibika," nilisema.

"Ni kizima," alijibu Doreen. "Nani alikwambia ishirini na mbili?"

"Redio."

"Redio imetoa wapi?"

Nilijipulizia vidole.

"Uwanja wa ndege," akasema. "Kipimajoto kinachosemea jiji zima kiko kule Malton, mbali na maji, katikati ya lami. Kinasema kweli kabisa kuhusu lami."

Kisha, huku nikitetemeka, alinipa somo la kwanza. Nina hakika aliliongeza urefu kwa makusudi. Ardhi, alisema, ni sufuria nyembamba ya bati: jua likiiangalia tu imeshika moto. Ziwa ni chungu kizito. Hadi lipate joto, wageni wameshaondoka. Mwezi wa nne na wa tano maji yake bado ni yale ya barafu. Sasa ardhi inapopata moto mchana, hewa yake inapanda juu, na ile hewa baridi iliyokuwa imelala juu ya maji inaingia kuchukua nafasi. Inaingia kama mtu mwenye hati ya nyumba. Bendera zinageuka, na kabla hujamaliza kikombe cha chai joto limeshuka nyuzi kumi au zaidi. Halafu, kilomita chache kutoka ufukweni, upepo huo unachoka na kusimama, na waliopo mbele yake wanaendelea kula aiskrimu.

"Na kwenu?" nilimuuliza, ili nionekane bado niko hai.

"Kwetu mwezi wa tano barafu bado inaelea mbele ya dirisha la jikoni. Ukienda bara kidogo tu, watu wanakata majani ya bustani. Sisi tunakoka moto. Majira ya kuchipua kwetu ni uvumi unaotoka bara."

Hapo ndipo nilipoyachukia maneno hayo, majira ya kuchipua. Aliyeyatia kwenye kamusi alikuwa mtu mwema, lakini hajawahi kusimama kando ya Ziwa Ontario mwezi wa tano. Kilichochipua kwangu siku ile ni mafua, na nilikaa nayo hadi sikukuu.

Doreen alinifundisha kazi kwa vifaa ambavyo leo mnavicheka. Boya lenye vipimo huko ziwani ndicho kilikuwa cha kwanza: kabla hujasema neno lolote kuhusu ufukwe, soma joto la maji. Cha pili kilikuwa rada. Upepo wa ziwani unapoingia mjini unasomba wadudu na kuwapanga mbele yake, na rada inawaona kama mstari mwembamba, uzi mmoja unaotembea kuelekea kaskazini. Wakati fulani nilimweleza mama yangu kwenye simu kwamba ninalipwa kwa kuangalia wadudu kwenye runinga. Aliuliza kama ghalani hawawezi kunirudisha. Kifaa cha tatu, ambacho Doreen alikiamini kuliko vyote, kilikuwa simu ya mezani. Alikuwa akimpigia mwanamke mmoja aliyekatisha tiketi za kivuko cha visiwa vilivyo mbele ya jiji, na swali lake lilikuwa moja.

"Umevaa nini?"

Mtu mgeni ofisini angeweza kuelewa vibaya. Lakini mwanamke yule akisema sweta, Doreen aliandika nyuzi kumi na mbili. Akisema koti na kofia, aliandika saba. Mashine mpya zilizokuja baadaye zilikuwa ghali sana, na zilikaribia kuwa sahihi kama yule mwanamke.

Alinifundisha pia kuliheshimu ziwa linapokataa kufanya nililotabiri. Upepo wa bara ukiwa na nguvu, ule wa ziwani unasukumwa nyuma na ufukwe unapata joto kama Markham, huko bara kaskazini mwa jiji. Upepo ukitoka mashariki, unabeba baridi ya ziwa lote hadi Malton, na hapo wale wa kaptula wanatupigia simu wakitaka kuongea na mkubwa. Kosa ni letu siku zote. Jua likiwaka, hewa ni nzuri. Ikinyesha, sisi ndio tulionyesha.

Kati ya wateja wetu wote, wajenzi na wenye kumbi na wasimamizi wa bustani, mmoja tu alikuwa akifurahi ninapomwambia baridi. Alikuwa mkulima wa pichi, upande wa pili wa ziwa. Yeye ndiye aliyenifanya nilitazame ziwa kwa jicho jingine. Joto la mapema, aliniambia, ni adui: maua yanadanganyika, yanafunguka, kisha usiku mmoja wa jalidi, umande ukiganda, unayaua yote. Ule ubaridi wa majini unayachelewesha hadi hatari ipite. "Wenye mashamba ya mbali na maji wananionea wivu," alisema. Nilipowaeleza wenzangu wa Parkdale, mtaa wa karibu na ziwa ambako nilikuwa nimehamia, kwamba baridi inayowagandisha kwenye kituo cha tramu ndiyo inayowapa pichi mwezi wa nane, waliniuliza kama pichi zinaweza kuja zenyewe.

Sasa nisimulie harusi ya binti Karim, maana najua imeshawafikia kwa njia ya umbeya, na umbeya umeongeza papa.

Karim ni Mwismailia wa Dar es Salaam, mfanyabiashara wa mahema na kumbi, anaishi Markham kwenye nyumba yenye gereji kubwa kuliko fleti yangu. Alikuwa mteja wetu wa miaka mingi na alinichagua mimi kwa sababu ya lugha. Alisema utabiri kwa Kiswahili unamwingia vizuri. Ukweli ni kwamba kwa Kiswahili aliweza kunibembeleza.

Bintiye alikuwa anaolewa mwezi wa tano. Nikaha ilishapangwa kufungwa Ijumaa jamatkhana, kwenye nyumba yao ya ibada, na Jumamosi ilikuwa karamu kwenye hema jeupe ufukweni. Bwana harusi, kijana aitwaye Faizal, alikuwa mpiga makasia, na aliona kuja kwa farasi, kama ilivyo desturi yao, ni ushamba. Alitaka kuja kwa mtumbwi, kutoka gati la jirani, akiwa na rafiki yake mmoja, ngoma zikipigwa. Karim alinipigia simu siku chache kabla.

"Dada Mwanaidi, Jumamosi vipi?"

"Kwako Markham nyuzi ishirini na sita. Ufukweni tisa, na ukungu unaweza kuingia."

"Nipe ya katikati."

"Katikati yake ni barabara kuu, Karim. Ukitaka kumwozesha mtoto kwenye barabara kuu, nyuzi kumi na nane."

"Lakini simu yangu inasema ishirini na sita."

"Basi kamwozeshe kwenye simu."

Alicheka, kisha akampigia meneja. Huyo alikuwa meneja wa wakati huo, si huyu wa sasa, ingawa wanatoka kiwanda kimoja. Meneja alikuja mezani kwangu akanieleza, kwa upole mkubwa, kwamba mteja anapenda matumaini. Nilimwambia nami ninayapenda, ila hayapimwi kwa nyuzi. Doreen, aliyekuwa meza ya pili, hakuinua kichwa. Alisema tu kwamba maji ya ziwa asubuhi ile yalikuwa nyuzi nne na akaomba mtu ampitishie sukari.

Baridi ya wageni haikunisumbua sana. Watu wazima wakitetemeka kwa hiari yao kwenye hariri, ni haki yao. Kilichonikosesha raha ni mtumbwi. Maji ya nyuzi nne hayakusubiri uzame. Yanakukata pumzi kwanza, kisha yanachukua vidole, halafu mikono, na kuogelea kwako kote kunakuwa hadithi. Na kinachoua watu mwezi wa tano ni kwamba hewa ya asubuhi ni tamu. Hakuna anayefikiria barafu akiwa anapaka mafuta ya jua.

Kwa hiyo Ijumaa mchana nilikwenda ufukweni, walipokuwa wanasimamisha hema. Faizal alikuwa kijana mzuri, mrefu, mwenye heshima ya mtu asiyekusudia kukusikiliza. Aliniita Aunty. Nilizungumza naye kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo na mandazi.

"Tia mkono majini," nilimwambia, "na uuache mpaka nimalize ninachosema."

Akachuchumaa kwenye gati akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akitabasamu kwa ajili ya rafiki zake. Nilianza kumweleza kuhusu Tanga. Nilimweleza juu ya nyumba yetu, juu ya ndugu zangu kwa majina, juu ya bei ya samaki. Tabasamu liliondoka nikiwa bado kwa ndugu wa pili. Alipoutoa mkono ulikuwa mwekundu, na alipojaribu kufunga kifungo cha shati vidole havikumtii. Karim alikuwa anatazama. Jioni ile alituma mtu kununua suti mbili za mpira, zile za wapiga mbizi, na majaketi ya kuokolea.

"Atavaa suti ya mpira ndani ya koti la harusi, ndani ya sherwani," aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Ataonekana mnene kwenye picha."

"Saa ngapi anaingia majini?"

"Saa nane."

"Basi yuko salama. Upepo hauji kabla ya saa kumi."

Hayo ndiyo maneno yangu, na Karim hajayasahau mpaka leo.

Jumamosi nilialikwa, nadhani kama mateka. Nilikuja na koti. Jua lilikuwa linawaka, upepo wa bara ulikuwa unapuliza joto hadi kwenye maji, na wageni waliniangalia kama nilivyomwangalia Doreen siku ile ya kwanza. Mjomba mmoja aliuliza kama huko kwetu ndivyo tunavyovaa. Nilikalishwa karibu na mama yake Karim, Bibi Gulshan, mzaliwa wa Lindi, bibi wa umri mkubwa na ulimi mzima. Yeye peke yake alikuwa amejifunga shali mbili.

"Mwanangu," aliniuliza, "ni kweli wewe ndiye unayesema baridi inakuja?"

"Ni kweli, bibi."

"Hawa wanangu hawaamini kitu ambacho hawajakilipia mara mbili."

Mtumbwi uliondoka kwenye gati la jirani, ngoma zikaanza. Faizal alikuwa amepiga magoti mbele, kilemba kinang'aa, rafiki yake anapiga kasia nyuma. Boti ndogo ya injini ya mpiga picha iliwatangulia. Kila kitu kilikuwa kizuri, na mimi nilikuwa ninatazama bendera iliyokuwa juu ya hema. Ililegea. Ikaning'inia kama kitambaa cha jikoni. Kisha ikainuka tena, ikielekea upande mwingine.

Nilikwenda hadi kwa Karim. "Mrudishe ufukweni sasa hivi."

"Ulisema saa kumi."

"Karim, mrudishe."

Alinyanyua mkono kumwashiria mwenye boti, lakini mwenye boti alidhani anapungiwa, naye akapunga. Baridi ilitufikia wakati huohuo. Niliona kina mama wakishika mabega yao safu kwa safu, kama mtu anayepitisha mkono juu ya majani. Nyuma yake kulikuja ukungu, mweupe, ukitambaa juu ya maji bila haraka yoyote. Faizal naye akachagua dakika hiyo kusimama ndani ya mtumbwi ili apigwe picha. Upepo ukausukuma mtumbwi ubavuni. Tulimwona anayumba, tuliona kilemba kikiruka, kisha ukungu ukafunga pazia.

Bibi harusi aliita jina lake mara moja tu. Ngoma ziliendelea, maana wapiga ngoma walikuwa wamelipwa na walikuwa wametazama upande wetu. Boti ilikuwa inazunguka kwenye ukungu, tunasikia injini, lakini mwenye boti hakuwaona. Wanaume walikuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja, kila mmoja akielekeza kwake. Saa kumi, nilisema. Saa kumi.

Bibi Gulshan alisimama. Alishika fimbo yake akaenda moja kwa moja hadi kwa mpiga ngoma mkubwa, akaweka fimbo juu ya ngozi ya ngoma.

"Nyamazeni," akasema. "Wote. Nyie na injini."

Karim alimpigia simu mwenye boti azime. Kukawa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye harusi ya watu wa pwani. Tukasikia maji. Kisha, upande wa kulia, karibu kuliko tulivyodhani, tukasikia sauti ya Faizal akitukana kwa Kiingereza, matusi ambayo hayakufaa mbele ya wakwe. Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Karim aliwaelekeza kwa simu, boti ikaenda polepole kwenye ile sauti, na wote wawili wakavutwa ndani kutoka majini. Mwenye boti alisema baadaye kwamba mikono yao haikuweza kushika kamba. Waliwabeba kwa majaketi. Bila suti zile za mpira zisingebaki sauti za kutukana.

Walifunikwa mablanketi, wakapewa chai, na muuguzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wageni akawachunguza hadi akaridhika. Karamu iliendelea, kila mtu amevaa chochote alichokipata. Mjomba yule aliyeniuliza kuhusu mavazi ya kwetu alikuja kwa adabu kuniomba koti langu, na kwa adabu nilimnyima. Faizal alikaa mbele ya hita, maji yanachuruzika kutoka kwenye sherwani.

"Huyu," alisema Bibi Gulshan, akimkagua, "aanikwe kwanza, ndiyo akabidhiwe mke."

Karim alinifuata nilipokuwa ninaondoka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulisema saa kumi," alisema.

"Na wewe ulisema ishirini na sita."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaushikilia muda mrefu, kisha Jumatatu akamwandikia meneja malalamiko kuhusu muda. Meneja akaniita. Nilikubali kwamba upepo uliwahi. Nilimwomba naye akubali kwamba upepo ulikuwepo. Alisema hilo atalitafakari, na nadhani bado analitafakari popote alipo.

Niliporudi mezani, Doreen aliniuliza mara moja tu, upepo wa bara ulikuwa na nguvu kiasi gani asubuhi ile. Nilimwambia. Akasema hata yeye angesema saa kumi. Hakuwa mtu wa kufariji watu, kwa hiyo nililala usiku huo.

Alistaafu miaka michache baadaye akarudi kwao. Kila mwezi wa tano ananitumia picha ya dirisha la jikoni na barafu nje yake, bila maneno. Baada yake zilikuja kompyuta zilizoweza kutabiri kila mtaa kwa saa moja moja, na mameneja waliozipenda kwa sababu hazijibu. Sizichukii. Zimekuwa nzuri kweli. Ila zina tabia ya kupaka joto la bara na baridi ya ziwa pamoja, kama mtu anayechanganya uji na supu, kisha zinakupa ile ya katikati aliyoitaka Karim.

Na hapa ndipo unapoingia wewe, Achieng, ingawa sehemu hii unaijua na utasema nimeitia chumvi.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho. Chama kimoja cha wahamiaji wa Parkdale kilikuwa kimepanga kuwapeleka familia ziwani kwa mitumbwi ya kukodi, wengi wao hawajawahi kushika kasia. Walitaka jibu moja: waende au wasiende. Kompyuta ilitoa nyuzi kumi na tisa ufukweni, jua, upepo mwepesi. Wewe ulikuwa umelitazama boya, ukatazama ule uzi wa wadudu ukianza kujitokeza kwenye rada, ukaandika nane, na ukungu. Kisha ukakaa na kidole juu ya kitufe.

"Mama Mwanaidi, na nikikosea?"

"Watakucheka."

"Si kucheka tu. Meneja ameshasema hawa watu wasikatishwe tamaa bure. Nje kuna jua, mama. Angalia hilo jua."

"Watakucheka wiki moja. Baada ya hapo watapata mtu mwingine."

"Wewe ungeandika nini?"

Sikukujibu, na najua ulikasirika. Kiti kilikuwa kimeshakuwa chako. Ukasonya kwa Kijaluo kama Kijaluo kina msonyo wake, ukabonyeza. Ukaandika wasiende. Meneja alikuja, akauliza kama una uhakika, ukamwambia hapana, lakini maji yana uhakika. Nilijifanya natafuta miwani.

Kitu ambacho hukijui ni hiki. Sikwenda nyumbani moja kwa moja mchana ule. Nilishuka kwenye tramu nikatembea hadi majini. Familia zile zilikuwa zimeshafika ufukweni kabla ya ujumbe, zimekaa kwenye majani kando ya mitumbwi iliyopinduliwa, zinakula sambusa chini ya jua zuri kabisa. Nilikaa kwenye benchi karibu nao. Baba mmoja wa Kikongo alikuwa anawaeleza wenzake juu yetu sisi watabiri.

"Hawa watu ya meteo," alisema, "banalipwa bure. Muangalie jua hii."

Mkewe alisema labda wanajua kitu. Mume akasema wanajua kula tu. Akanigeukia, akaona nimevaa koti, akanihurumia. "Mama, unaumwa?"

"Hapana, baba. Ni uzee tu."

Upepo uligeuka wakati watoto walipokuwa wanagombea sambusa za mwisho. Kwanza visiwa vilipotea, kisha maboya. Watoto walikimbilia kwa mama zao. Yule baba alisimama akayatazama maji, ambayo sasa hayakuwepo, akamfunga mwanawe zipu ya jaketi hadi kidevuni. Mkono wake aliuacha juu ya kichwa cha mtoto.

"Hata tungekwenda, tungekuwa tumesharudi," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Hakuna aliyempinga. Wakaanza kukusanya mablanketi, wakirushiana vijembe, huyu alichagua siku mbaya, yule alilipa bila kuuliza, na wote kwa pamoja wakiwalaani watabiri wa hali ya hewa na vizazi vyao. Basi lao likaja. Nilibaki pale benchi nikiwaangalia wakipanda mmoja mmoja, wakubwa na wadogo, wakavu, wamenuna, hadi mlango ukafungwa. Sijawahi kuona watu walionuna wakanipendeza kiasi kile.